Mama Kinu na Kitufe Chekundu

Asubuhi katika nyumba mpya ilianza kwa kelele za mume. Hakuwa anagombana na mtu. Alikuwa anatafuta kifuniko cha sufuria.

“Mke wangu, jiko hili lina makabati mangapi?” aliuliza. “Nimefungua yote, nimekuta vijiko vitupu!”

“Kifuniko unacho mkononi,” mkewe alijibu.

Kweli, alikuwa nacho mkononi. Binti yao alicheka mpaka chai ikampalia.

Ndivyo walivyoishi siku zile za mwanzo ugenini. Kwao, mume alikuwa dereva wa lori, mtu wa kupiga honi na kusalimiwa njia nzima. Huku leseni yake ilikuwa bado haijakubaliwa. Basi alisoma alama za barabarani kwa ajili ya mtihani, akapika, na akamsindikiza mtoto shule. Mke ndiye aliyetangulia kupata kazi.

Kwao walimwita Mama Kinu, kwa sababu alikuwa na mashine ya kusaga nafaka. Aliachiwa na baba yake, mzee huyo alipochoka kazi. Sifa ya Mama Kinu ilikuwa moja tu: mashine yake haisimami. Punje zikikwama, aliingiza kijiti huku mashine ikinguruma. Kijiti kikishindwa, aliingiza mkono. Wateja waliokuwa kwenye foleni walimpigia makofi, naye alijisikia vizuri.

Baba yake alikuwa vivyo hivyo. Kidole chake cha pete kilikatwa na mashine hiyo hiyo, zamani. Pete aliyopewa na mkewe aliihamishia mkono wa pili. Mzee alipenda kusema, “Msagaji mwenye vidole vyote bado ni mwanafunzi!” Watu walicheka. Mama Kinu naye alicheka tangu utotoni, kwa sababu baba akicheka, mtoto hucheka.

Sasa alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha mikate. Ilikuwa kazi ya majaribio. Akifaulu angepewa mkataba, na familia ingebaki. Akishindwa, kibali chao kingekwisha na wote wangefungasha virago. Binti alikuwa amezoea shule, tena alikuwa na rafiki wa kusukana naye nywele. Kwa hiyo Mama Kinu hakutaka mchezo na kazi.

Siku ya kwanza msimamizi alimtembeza kiwandani. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye sauti ndogo. Alimwonyesha mashine ya kukanda unga, tanuri, na mashine ya kukata mikate. Alimwonyesha pia kitufe kikubwa chekundu kilichokuwa ukutani karibu na kila mashine. Alieleza mengi, polepole, kwa lugha ya huko.

“Umeelewa?” aliuliza.

“Ndiyo,” alisema Mama Kinu.

“Una swali?”

“Hapana. Asante sana.”

Ukweli ni kwamba alielewa nusu. Nusu nyingine aliifunika kwa kutikisa kichwa. Kwao, mkubwa akieleza, mdogo huitikia. Kumwuliza tena ni kama kumwambia hajui kueleza. Na Mama Kinu alilelewa vizuri. Malezi hayo hayo ndiyo yaliyomponza.

Kazi ilikwenda vizuri kwa siku chache. Kisha mkate mmoja ukakwama kwenye mashine ya kukata. Mikate iliyokuwa nyuma yake ikaanza kupandana. Mama Kinu alitazama kulia, alitazama kushoto. Hakuna aliyekuwa karibu. Alijisemea, “Leo watanijua mimi ni nani.” Akakunja mkono wa koti lake la kazi, akaingiza mkono.

“Simama!”

Alikuwa msimamizi. Ile sauti ndogo ilikuwa imegeuka radi. Alikuja mbio, akapiga kitufe chekundu kwa kiganja. Papo hapo kiwanda kizima kikanyamaza. Mikate ikasimama. Wafanyakazi wote wakageuka kumtazama Mama Kinu.

Msimamizi alimshika mkono, akaugeuza juu na chini, akautazama kidole kwa kidole.

“Nenda nyumbani ukapumzike,” alisema. “Kesho tutazungumza. Lakini ujue hili ni onyo. Ukirudia, kazi imekwisha.”

Mama Kinu alifika nyumbani amevimba kwa hasira. Alitupa kitambaa chake cha kichwa juu ya kiti.

“Amenisimamishia mashine mbele ya watu!” alimwambia mumewe. “Mimi! Mimi ambaye mashine yangu haijawahi kusimama!”

“Ulifanya nini?” mume aliuliza.

“Nilifanya kazi! Kwani hapa watu hawataki mtu anayefanya kazi?”

Kabla mume hajajibu, mlango uligongwa. Kwa ugongaji ule, wote walijua ni nani. Alikuwa jirani wa ghorofa ya juu, aliyeitwa Dada Msumari. Alitoka nchi ya jirani na kwao, na alikuwa amekaa ugenini miaka mingi akitengeneza viti na meza katika kiwanda cha samani. Wenzake walimchagua kuwa mwakilishi wao kazini. Jina la Msumari alipewa kwa sababu akianza kusema jambo, haachi mpaka lizame.

“Shemeji,” alimwambia mume, “chupa zako umezitia tena kwenye pipa la karatasi. Wazoa taka watatuachia uchafu jengo zima.”

“Dada, mapipa yenyewe manne! Kwetu pipa ni moja.”

“Kwenu ni kwenu. Hapa la chupa ni la kijani. Ukisahau, nigongee mlango, nitakwambia. Kuuliza si ujinga.” Kisha akamwona Mama Kinu. “Na wewe mwenzangu, mbona uso umekunjamana kama nguo isiyopigwa pasi?”

Mama Kinu alimweleza yote. Dada Msumari alisikiliza bila kumkatiza. Jambo hilo lilikuwa geni, na lilimtia mume wasiwasi.

“Kwa hiyo umekasirika kwa sababu mtu ameokoa mkono wako,” Dada Msumari alisema mwishoni.

“Mkono wangu ulikuwa salama! Nimefanya hivyo maisha yangu yote.”

“Na baba yako? Si ulinihadithia habari za kidole chake? Naye alifanya hivyo maisha yake yote?”

Mama Kinu aliokota kitambaa chake, akakikunja. Kisha akasema, “Ajali haina kinga.”

“Nani kakudanganya? Kinga ipo. Ni nyekundu na iko ukutani.” Dada Msumari alivuta kiti, akaketi. “Sikiliza. Mashine ya kukata mkate haijui tofauti ya mkate na kidole. Ikikwama, mambo ni haya. Kwanza unabonyeza kitufe chekundu. Mashine inasimama. Pili, unamwita msimamizi au fundi. Fundi anakata umeme, anatia kufuli kwenye swichi, na ufunguo anautia mfukoni mwake. Hapo sasa hakuna mtu anayeweza kuiwasha kwa bahati mbaya wakati mkono wa mwenzake uko ndani. Mkate unatolewa. Wote wakishaondoa mikono, kufuli inatoka, kazi inaendelea.”

“Na mikate yote ile inangoja?”

“Inangoja. Mkate haulii.”

“Lakini nikisimamisha kiwanda kizima, si watanifukuza?”

“Hapana. Ukiona hatari, kusimamisha mashine ni haki yako. Tena ni wajibu wako. Mtu akikuadhibu kwa hilo, unakwenda kwa mwakilishi wa wafanyakazi, naye analisimamia. Kila kiwanda cha hapa kina mtu kama mimi.”

“Mungu awasaidie,” alisema mume kwa sauti ya chini.

“Nimekusikia, shemeji.” Dada Msumari alimgeukia tena Mama Kinu. “Sasa niambie kweli. Siku ya kwanza alipokueleza habari za kitufe, ulielewa?”

Mama Kinu aliinamisha kichwa. “Nusu.”

“Na ulisemaje?”

“Nilisema ndiyo. Ningesemaje? Mtu mzima amesimama ananieleza, nimwambie arudie kama mtoto?”

“Nakuelewa, mwenzangu. Hata mimi nilikuja na ndiyo zangu mfuko mzima. Lakini hapa ukisema ndiyo, msimamizi anaamini umeelewa. Anakwenda zake na moyo mweupe. Ukisema ‘nionyeshe tena’, hujamvunjia heshima. Umemwambia kwamba maneno yake unayataka. Kesho nenda kamwambie hivyo. Mwambie ulichoelewa na ambacho hukuelewa. Onyo si mwisho wa kazi, mradi kosa lisirudiwe.”

Jioni ile walifanya mazoezi jikoni. Mume alikata duara kutoka kwenye boksi jekundu la viatu, akalibandika ukutani. Dada Msumari aliamuru mashine ndogo ya kusagia matunda iwashwe. Ndizi ikakwama. Mkono wa Mama Kinu ukatangulia kwenda kwenye kifuniko, kabla hata yeye mwenyewe hajafikiri.

“Kidole kimekwenda!” alipiga kelele binti.

Walirudia. Ndizi ya pili, mkono ule ule. Mazoea yana taabu. Ndizi ya tatu, Mama Kinu aliruka, akalipiga lile duara kwa kiganja mpaka ukuta ukalia, akachomoa waya, akapaza sauti: “Nimesimamisha! Mashine imekwama! Naomba fundi!”

“Fundi nipo,” alisema mume, akatoa ndizi kwa kijiko, akaila.

Kesho yake Mama Kinu alikwenda kazini mapema. Msimamizi alimkaribisha kiti. Mama Kinu alikataa kuketi, akiogopa kwamba akiketi maneno yatakimbia.

“Jana nilikosea,” alisema. “Tena siku ya kwanza nilisema ndiyo, lakini nilielewa nusu tu. Naomba unionyeshe tena. Polepole.”

Msimamizi alimtazama. Kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

“Twende,” alisema.

Alimwonyesha kila kitu upya. Alimwonyesha kufuli na ufunguo. Safari hii Mama Kinu aliuliza maswali mpaka chai ya saa nne ikapoa. Na kila alipouliza, msimamizi alionekana kufurahi zaidi. Mama Kinu alishangaa. Kumbe watu wengine hupenda kuulizwa!

Siku zikapita. Mchana mmoja alisikia kitu kinagonga. Tak, tak, tak. Alitega sikio. Mtu aliyekaa na mashine ya kusaga tangu utoto anajua sauti zake, kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Hakuwa na hakika, lakini alikumbuka jikoni, ndizi na duara. Akabonyeza.

Kiwanda kikanyamaza. Msimamizi akaja, fundi akaja. Fundi alikata umeme, akatia kufuli, akafungua mashine, akachungulia. Hakukuta kitu. Mwishowe akanyanyua macho, akaona kijiko kirefu cha chuma kilichotundikwa kwenye rafu. Kilikuwa kinagonga ubavu wa rafu kila mashine ilipotikisika.

Mtu mmoja aliangua kicheko. Wengine wakafuata. Mama Kinu alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimtazama msimamizi, akingoja kuambiwa akachukue nguo zake.

Msimamizi alikiondoa kile kijiko, akakiweka mezani. “Umefanya vizuri,” alisema, kwa sauti ya kusikiwa na wote. “Heri kusimama bure kuliko kuchelewa. Ukisikia tena, bonyeza tena.”

Maneno hayo yalimwingia Mama Kinu kuliko onyo lile la mwanzo. Usiku huo alilala usingizi mzuri kuliko siku zote tangu wahame.

Ikaja wiki ya mwisho ya majaribio. Kiwanda kilipata oda kubwa ya mikate ya shule. Kila mtu alikuwa mbioni. Mama Kinu aliwekwa kwenye mashine ya kukanda unga, pamoja na mfanyakazi mmoja mcheshi waliyemwita Bi Vicheko. Mashine yenyewe ilikuwa pipa kubwa, na ndani yake mkono wa chuma ulizunguka ukikanda.

Katikati ya kazi, Mama Kinu alisikia sauti. Safari hii haikuwa tak tak. Ilikuwa mkwaruzo mnene, chini kabisa, unakuja na kupotea. Mashine ilikuwa inakohoa.

“Unasikia?” aliuliza.

“Nasikia njaa,” alijibu Bi Vicheko. Aliinama juu ya pipa, akimimina unga.

“Mashine ina kitu. Nataka kusimamisha.”

“Leo? Na oda hii? Shoga, tumalize kwanza, halafu tutamwita fundi. Watakucheka tena!”

Mama Kinu alisita. Alikumbuka kicheko cha siku ile. Alikumbuka kwamba ni wiki yake ya mwisho. Nyumbani walikuwa wamekwisha kupanga wataweka wapi meza ya binti ya kusomea. Akikosea sasa, nani atampa mkataba? Mkono wake wa zamani ulimwambia: endelea, utaitengeneza hivyo hivyo ikizunguka. Ndivyo ulivyofanya miaka yote. Lakini Bi Vicheko alikuwa ameinama pale pale, shingo yake juu ya chuma.

“Rudi nyuma!” alisema Mama Kinu, na akapiga kitufe kwa kiganja.

Kimya.

“Nimesimamisha!” alipaza sauti. “Nimesikia sauti mbaya. Naomba fundi!”

Msimamizi alikuja mbio, jasho likimtoka. Watu wa oda walikuwa wamekwisha kumpigia simu asubuhi ile. Hata hivyo hakuuliza kwa nini. Alimwita fundi tu. Fundi alitia kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akainama ndani ya pipa. Alikaa huko muda mrefu.

Fundi alipotoka, alikuwa ameshika bolti nene. Ilikuwa imepasuka, imebaki kidogo tu kukatika.

“Hii ndiyo inayoshika mkono wa chuma,” alisema. “Ingekatika, mkono ungeruka.” Akaonyesha upande ambao ungerukia. Alionyesha mahali Bi Vicheko alipokuwa amesimama.

Bi Vicheko aliishika ile bolti, akaigeuza mkononi. Alikwenda akamkumbatia Mama Kinu, akalia, unga ukawajaa wote wawili mpaka kwenye kope. Kisha mtu akaanza kupiga makofi. Halafu wote wakapiga, mpaka watu wa tanuri wakaja kuuliza kuna nini. Mama Kinu aliwahi kupigiwa makofi kwao kwa sababu mashine yake haisimami. Leo alipigiwa kwa sababu imesimama. Alicheka na kulia kwa pamoja.

Oda ilichelewa kidogo. Watoto wa shule walipata mikate yao, na ilikuwa bado ya moto.

Mkataba aliupata wiki hiyo hiyo. Nyumbani mume alipika viazi, na safari hii havikuungua. Dada Msumari aliletwa kutoka juu kwa heshima zote, akapewa kiti kizuri. Alitazama mapipa ya jikoni, akakuta chupa ziko peke yake.

“Familia hii sasa imekomaa,” alisema.

Baada ya kula, Mama Kinu alimpigia simu baba yake. Alimweleza kila kitu: mkate uliokwama, onyo, kijiko, bolti, kitufe. Alingoja mzee aseme maneno yake ya siku zote, kwamba msagaji mwenye vidole vyote bado ni mwanafunzi. Mzee hakuyasema.

“Kitufe tu?” aliuliza. “Unabonyeza, inasimama, na hakuna anayekugombeza?”

“Hakuna, baba. Wanashukuru.”

“Basi kama ningekuwa nacho, mwanangu, leo pete ya mama yako ingekuwa mahali pake.”

Maisha yake yote Mama Kinu alimwona baba yake akicheka juu ya kile kidole. Hakuwahi kufikiri kwamba kilimuuma. Alisema, “Baba, mwambie mdogo wangu, niliyemwachia mashine, aufunike mkanda wa mashine kwa wavu. Na punje zikikwama, azime kwanza. Azime kabisa, ndipo atie mkono.”

“Nitamwambia. Na asiponisikia, nitamwonyesha mkono wangu.”

Haikupita muda, mzee alipiga simu mwenyewe. Alikuwa analalamika, lakini kwa furaha. “Mdogo wako ameweka wavu,” alisema. “Swichi ameipaka rangi nyekundu, na kila mteja lazima ajue ilipo. Sasa anatuzimia mashine hata paka akipita!”

Leo mume anaendesha gari la kusambaza mikate ya kiwanda kile kile. Leseni aliipata, ingawa alama moja ya barabarani ilimtesa mpaka dakika ya mwisho. Na wageni wakiajiriwa, msimamizi huwapeleka kwanza kwa Mama Kinu.

Juzi alipelekewa mwanamke aliyetoka nchi ya mbali. Alikuwa na sura ya woga na adabu. Kila alichoelezwa, alitikisa kichwa.

“Umeelewa?” aliuliza Mama Kinu.

“Ndiyo.”

“Una swali?”

“Hapana. Asante sana.”

Mama Kinu alitabasamu. Alimshika mkono, akampeleka ukutani, mbele ya kitufe chekundu. Kwa mbali msimamizi aliwaona, akawapungia mkono kuwaruhusu.

“Bonyeza,” alisema Mama Kinu.

“Lakini mashine inafanya kazi!”

“Bonyeza, mama. Ndilo somo la kwanza.”

Mgeni alifumba macho, akabonyeza. Kiwanda kizima kikanyamaza. Alifumbua macho polepole, akatazama huku na huku, akingoja kugombezwa. Hakuna aliyemgombeza. Bi Vicheko alimpungia mkono uliojaa unga.

“Umeona?” alisema Mama Kinu. “Sasa nyoosha mikono yako. Una vidole vingapi?”

“Kumi,” alisema mgeni, akianza kucheka.

“Umekuja navyo kumi. Na siku utakayostaafu, utaondoka navyo kumi. Haya, niambie kile ambacho hukuelewa.”

Mgeni alivuta pumzi. Kisha akauliza swali lake la kwanza.